Hoja Namba Saba

Niliandika kwa kalamu ya bluu, nyeusi ilikuwa imekauka:
Baraza la Mji wa Bweyale, kikao cha kawaida,
wajumbe kumi na watano, feni moja, nayo mbovu.
Hoja namba sita: choo cha soko.
Hoja namba saba: kuwaunga mkono watu wa Khartoum
walioketi barabarani wakidai kuchagua wenyewe wa kuwaongoza.

Kicheko kikatoka viti vya nyuma.
"Choo kimetushinda, Khartoum tutaiweza?"
Diwani Ocira hakucheka. Alivua kofia.
"Mwaka ule tuliokimbia, mimi na mama,
kuna watu wa mbali, tusiowajua, walitutaja
katika baraza lao. Hatukuyala maneno yale.
Lakini tulitajwa."

Ikhlas, muuza chai wa barabara ya Gulu,
alikuwa kwenye benchi la wageni,
simu ameifunika kwa kiganja kama kifaranga.
Ndani ya simu kaka yake, Muntasir,
anagonga chuma cha daraja kwa jiwe
sekunde kumi na nne,
kisha picha inaganda.

Rasimu ilisema *tunalaani*.
Mheshimiwa Kwebiiha akaomba isomeke *tunasikitishwa*.
Rasimu ilisema *waliouawa*.
Mwingine akaomba isomeke *walioathirika*.
Rasimu ilisema *risasi*.
Ikaombwa isomeke *hali iliyojitokeza*.
Spika akanitazama, nami nikaitazama kalamu.
Nikakata, nikaandika, nikakata tena,
hata karatasi ikachanika
pale pale penye neno *watu*.

Ikhlas hakijui Kiswahili cha mabaraza,
ila kuhesabu mistari inayokatwa anajua.
Akainua mkono. Mgeni haruhusiwi kusema,
kanuni ya ishirini, niliinakili mwenyewe.
Akasema: "Neno moja tu. Moja, acheni."

Likaachwa moja.
*Risasi.*

Kumi walisema ndiyo. Watatu siyo.
Mmoja alikuwa nje, simuni.
Mmoja alilala; nikamwandika kuwa hakuegemea upande.

Sasa barua iende kwa nani?
Serikali ya kule ina anwani. Umma hauna.
Ocira akasema itupwe Karuma, mto unaijua njia.
Wakacheka tena, safari hii taratibu.
Nikagonga muhuri kwenye nakala, nikampa Ikhlas.
Akaibandika kibandani kwake
kati ya bei ya mandazi na picha ya Muntasir,
na mvuke wa birika ukaanza kuikunja pembe.

Miezi miwili baadaye ushuru wa soko ukapanda.
Wauza muhogo wakaja wakaketi mbele ya lango letu,
mafungu yao mapajani, hawatukani, hawaimbi,
wameketi tu.
Baraza likaita polisi.

Ndipo mama mmoja, Ayikoru,
akakunjua karatasi yenye madoa ya chai,
akasoma polepole kama mtu anayechambua mchele:
"Baraza hili linaamini kwamba watu
wanaoketi kwa amani kudai haki yao
ni wa kusikilizwa, si wa kutawanywa."
Akaigeuza, akamwonyesha ofisa.
"Muhuri huu ni wa nani?"

Ofisa alisoma mara mbili. Akavua miwani.
Akasema anakwenda kuuliza.

Alasiri Spika aliniita, akaufunga mlango.
"Karani, hoja namba saba, hivi imo kwenye muhtasari?"
Imo, Mheshimiwa.
"Na ule ukurasa, si ulichanika?"
Ulichanika. Nikauunga kwa gundi.
Akanyamaza. Akaitazama feni kama ndiyo iliyopiga kura.

Nje, langoni,
mtu alikuwa ameanza kugonga chuma kwa jiwe.
Si kwa nguvu.
Nilihesabu sekunde kumi na nne,
nikazipita,
nikaendelea kuhesabu.